Njia Inayokatiza kwa Waziri Mkuu

Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp usiku wa Jumatano, nikiwa zamu. "Jumamosi tunatembea. Kilomita 14. Viatu imara, koti la mvua, chakula kila mtu abebe chake." Hazikupita dakika mbili, dada mmoja wa Bujumbura akauliza lile swali tulilokuwa nalo wote mdomoni: "Tunatembea kwenda wapi?" Kiongozi akajibu: Wendover mpaka Princes Risborough. "Huko kuna nini?" Kiongozi akatuma kikatuni cha mtu anayetembea, basi, hakuonekana tena mpaka asubuhi.

Mimi nimekulia Lushoto, na kwetu kutembea ni kazi. Bibi yangu alikuwa akishuka soko la Soni alfajiri na tenga la mboga kichwani, mchana anapanda tena na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Angekutana na mtu anapanda mlima mikono mitupu, hana mzigo, hana mgonjwa wa kumjulia hali, angemuuliza kwa upole amefiwa na nani.

Hata hivyo nilikuwa na sababu zangu. Miaka mitatu nilikuwa nimeishi Uingereza nikiijua kwa korido zake tu: korido ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, korido ya jengo nilikopanga chumba, na ile korido ndefu ya chini kwa chini ya kubadilishia treni. Nchi yenyewe nilikuwa nikiiona kupitia dirishani, ya kijani, iko mbali, kama picha ya kalenda ya duka la dawa. Nikaandika: "Nipo."

Tulikutana stesheni ya Marylebone, London, saa nne kasorobo asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Mei, watu 17. Watanzania, Wakenya, Warundi wawili, ndugu mmoja wa Bukavu na mkewe, na kijana mzaliwa wa London ambaye Kiswahili anakisikia chote ila majibu hutoa kwa Kiingereza. Huyo alivaa raba nyeupe kama maziwa. Shangazi wa Mombasa (si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini ndivyo tumwitavyo) alikuja na hotpoti mbili ndani ya kapu la ukindu. Na Mzee, Msukuma wa Magu aliyeendesha mabasi ya London mpaka akastaafu, alikuja na koti la suti, kofia ya pama, mwavuli mweusi, na viatu vya ngozi vya kamba vilivyopigwa rangi mpaka vinarudisha uso.

Kiongozi alivitazama vile viatu. "Mzee, na hivyo..."

"Hivi vimenipeleka harusini na vimenipeleka makaburini," Mzee akasema. "Vitafika na huko."

Treni ilichukua kama dakika 50. Ukitoka stesheni ya Wendover unapanda na barabara kidogo tu, mara unaona nguzo ya mbao iliyochorwa tunda la mwaloni. Hiyo ndiyo alama ya njia kubwa za miguu za taifa, na hii tuliyoishika inaitwa Ridgeway: maili 87, yaani kama kilomita 140, kutoka Overton Hill karibu na mawe ya kale ya Avebury hadi kilima cha Ivinghoe Beacon. Ilifunguliwa rasmi mwaka 1973, lakini sehemu zake zilikanyagwa tangu kabla ya Warumi kukitia mguu kisiwa hiki. Kiongozi akatufundisha vibao vingine: mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu tu; wa buluu, farasi na baiskeli nao ruksa. Mafunzo ya dakika moja. Siku nzima sikuhitaji zaidi ya hayo.

Kisha tukafika kwenye geti, na hapo msafara ukakwama robo saa. Ni geti la ajabu. Linaning'inia ndani ya kizimba chenye umbo la nusu duara. Unaingia kizimbani, unajibana pembeni, unalisukuma likupite, unatoka upande wa pili. Mtu atapita, ng'ombe hatapita, kwa kuwa ng'ombe hajui kujibana. Wenyewe wanaliita geti la busu, maana ubao wake huzigusa tu nguzo za pande zote mbili bila komeo. Ubishi ukaanza kuhusu jina la Kiswahili. Mmoja akasema kizuio, mwingine kipitio, Shangazi akasema kwao Mombasa kitu kama hiki hakipo kwa hiyo hakina jina, na wakati anasema hayo kapu lake likanasa. Tulipomnasua, mke wa ndugu wa Bukavu alikuwa keshasimama upande wa pili ameshikilia geti, anamdai mumewe ushuru. Sisi tukageuka kutazama milima.

Kwenye kilima cha kwanza, Bacombe, ukitazama nyuma unaona jeraha jeupe bondeni: matingatinga, korongo, udongo uliopinduliwa. Ni reli ya mwendo kasi inayojengwa kutoka London kwenda Birmingham. "SGR yao," kijana wa Nyeri akasema. Mtanzania mmoja akavimba kifua: ya kwetu, Dar mpaka Dodoma, imeanza kubeba abiria 2024, na hawa hapa bado wanachimba. Ni kweli, ingawa sijui kwa nini sifa ile tulijipa wote 17.

Weupe ule ni chaki. Milima ya Chilterns yote imekaa juu ya chaki, na ukiokota kipande unaweza kuandika nacho. Mzee alijaribu, akaandika MAGU kwa herufi kubwa kwenye mwavuli wake. Ndani ya chaki mna vinundu vya gumegume. Niliokota kimoja kilichopasuka katikati. Nje kilikuwa na ganda jeupe kama la yai, ndani cheusi kinachong'aa kama chupa, na ukingo wake ulinikwaruza kidole gumba mpaka damu ikachungulia. Watu wa kale wa hapa walichonga visu na vichwa vya mishale kwa jiwe hili. Gumegume nilikuwa nalijua kama neno tu, la bunduki za zamani kwenye hadithi za babu. Sikuwahi kulishika. Nikalitia mfukoni.

Kilele cha Coombe Hill kiko mita 260 juu ya usawa wa bahari. Lushoto mjini, penye stendi na wauza matunda, ni kama mita 1,400. Nilipanda nikijiandaa kucheka. Lakini juu pale ardhi inakatika ghafla na mbele yako linafunguka bonde la Aylesbury, tambarare mpaka macho yachoke, mashamba yameungwaungwa kama shuka ya viraka, na kila kiraka kimeshonwa kwa uzio wa miti ya miiba uliojaa maua meupe. Ule mti wa miiba wenyewe wameupa jina la mwezi, Mei, kwa sababu ndio mwezi wake wa kuchanua. Nikakumbuka kusimama pale Irente, kwetu Lushoto, unapotazama tambarare ya Mombo huko chini na malori yanatambaa kama sisimizi. Urefu si huo hata kidogo. Lakini namna ya ardhi kukwambia "mimi naishia hapa" ni ileile, na sikucheka.

Kileleni kuna mnara wa mawe. Tuliuzunguka kutafuta ni wa nini. Ulijengwa mwaka 1904 kuwakumbuka wanaume 148 wa Buckinghamshire, mkoa huu, waliokufa Afrika Kusini, katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902. Mwaka 1938 radi iliubomoa, ukajengwa upya. Mzee aliyasoma majina taratibu, midomo ikicheza, kama mtu anayesoma orodha ya matokeo akitafuta la mwanawe. Alipomaliza akauliza, "Na wa huko walikokwenda?" Watu weusi waliokufa kwenye kambi za vita ile walikuwa maelfu. Hakuna aliyemjibu. Alisogeza tu kofia, akatafuta pa kukaa.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Wenye kuswali walitawadha kwa maji ya chupa, wakatandika kanga na makoti ya mvua, kiongozi akashika dira ya simu. Jambo moja sikulitarajia. Kibla kutoka pale ni kusini-mashariki, karibu upande uleule ilipo London, na yale mandhari yote yaliyotupandisha yako upande wa pili. Kwa hiyo tuliupa mgongo uzuri wa bonde, tukaelekea tulikotoka asubuhi. Waingereza waliokuwa wakipiga picha mnara walisogea kando bila kuambiwa. Mbwa mmoja alikuja kunusa viatu vyetu, akaitwa, akaondoka.

Chakula sasa. Ile sheria ya kila mtu abebe chake ilikufa Shangazi alipofunua hotpoti. Sambusa, chapati, mbaazi za nazi zingali moto, na chai ya tangawizi iliyotoka kwenye chupa ya lita tatu ambayo sijui nani aliibeba. Wenye mikate yao ya jibini wakairudisha mfukoni kimyakimya.

Hapo ndipo mwewe alipotokea. Mkubwa, mkia wake una panda kama wa mbayuwayu, rangi ya kutu, anaelea bila kupiga bawa. Mabawa yakitandazwa hukaribia mita mbili. Karne ya 19 haijaisha, watu wa England walikuwa wamewamaliza kwao kwa bunduki na sumu, wakabaki wachache tu Wales. Kati ya 1989 na 1994 wakaletwa kama 90 kwa ndege kutoka Hispania, wakafunguliwa hapa Chilterns, na leo wamejaa mpaka wanaiba mikate ya watu kwenye pikniki. Kiongozi alipokuwa akitueleza hayo kwa sauti ya kustaajabu, Shangazi alikuwa ameshasimama, kanga mkononi, anaipunga hewani: "Swaaa! Swaaa!" Sauti ileile ya kulinda vifaranga uani. "Wamekwenda kununua mwewe," akasema alipokaa, "kwa pesa."

Baada ya Coombe Hill njia inaingia msituni. Miti ya beech, mashina laini ya kijivu, mirefu, na mwishoni mwa Mei majani yake bado machanga kiasi kwamba mwanga unapita ndani yake na kila mtu chini anakuwa na rangi ya kijani usoni. Kuna mahali palinuka kitunguu saumu kana kwamba mtu anakaanga. Ni majani yanayoota porini, na maua yake meupe yalikuwa yanamalizika. Pembeni mwa njia kuna yale majani yanayowasha. Kijana wa Nyeri alifurahi kama amekutana na mtu wa kwao. "Thabai!" Kwao huyapika na kuyaponda pamoja na viazi kwenye mukimo. Alivua soksi moja, akaivaa mkononi, akachuma mfuko mzima, huku Waingereza wawili wakimpita na kumtazama kwa huruma.

Ningependa kusema kila tuliyekutana naye alikuwa mwema, na karibu wote walikuwa hivyo. Hili nalo lilinishangaza: London mtu atakaa na wewe kiti kimoja cha treni mwaka mzima bila neno, lakini kwenye njia ya miguu Mwingereza anakusalimu kabla hujamfikia. Anakuwa mtu wa kijijini. Mzee alilipenda jambo hilo mno, ila aliichukua salamu kwa uzito wa kwao. Mtu akisema tu habari za asubuhi na kutaka kupita, Mzee anasimama, anavua kofia, anauliza ametoka wapi, nyumbani wazima, mbwa anaitwaje. Mmoja alisimama naye dakika kumi, wakaachana kama mashemeji.

Ila msituni tulikutana na mama mmoja na mbwa wawili. Alitutazama tukija, mmoja mmoja, akihesabu. Akauliza kama tumepotea. Kiongozi akasema hapana, asante, tunafuata Ridgeway. Akauliza sisi ni kikundi gani. Kikundi cha watu wanaotembea, kiongozi akasema. Akauliza kama tuna ruhusa. Sauti yake haikuwa ya ukali, na nadhani hilo ndilo lililonikaa: alikuwa akituuliza kama anavyouliza mtu aliyekukuta sebuleni kwake. Kiongozi, mwanamke mfupi wa Kisumu anayefundisha hisabati, alimwonyesha tu nguzo nyuma yake, yenye tunda la mwaloni. Tukapita. Yule kijana wa London, aliyekuwa hajasema neno tangu tuanze kushuka, akasema kwa Kiswahili, cha kwanza siku ile: "Kila mara."

Njiani kiongozi akatueleza sheria, na hapa niwie radhi nikikawia, maana ndipo hasa nilipoanza kuielewa ile safari.

England na Wales zina njia za haki ya kupita zenye urefu wa kama kilomita 225,000. Si njia za serikali zilizonunuliwa. Nyingi zinakatiza kwenye shamba la mtu, malisho ya mtu, hata bustani ya mtu, na mwenye shamba hawezi kuifunga. Akilima akaivuruga, sheria inampa siku 14 airudishe. Nilikuja kuliona hilo kwa macho: shamba la shayiri imetoa masuke, na katikati yake mstari ulionyooka, upana wa mtu na mzigo wake, umeachwa wazi kutoka ua mpaka ua. Na njia inazaliwaje? Watu wakiipita miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, sheria inachukulia kwamba imeshatolewa kwa umma. Nyayo ndiyo hati.

Wasije wakakudanganya kwamba ni ukarimu wa mabwana wenye ardhi. Aprili 24, 1932, mamia ya vijana wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani walipanda mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, wakapambana na walinzi, na watano wakafungwa jela. Sheria iliyoagiza njia zote zichorwe kwenye ramani rasmi ilikuja mwaka 1949. Na mpaka leo haki hiyo ni ya mstari tu; kuzurura utakavyo nje ya njia kunaruhusiwa kwenye kama asilimia 8 ya ardhi ya England. Ukitoka mstarini umekosa. Ukibaki mstarini, hata mfalme hakugusi.

Haya maneno ya mwisho nilidhani ni chumvi ya mwalimu wa hisabati, mpaka tulipofika Chequers.

Chequers ni nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu wa Uingereza. Jumba la matofali mekundu la karne ya 16, lililotolewa kwa taifa kwa sheria ya 1917 na wenyewe, Arthur Lee na mkewe, na Lloyd George akawa Waziri Mkuu wa kwanza kulitumia, mwaka 1921. Unaliona kutoka malishoni, limekaa kwenye kikombe cha vilima na mabomba yake marefu ya moshi. Nilitegemea tulizunguke kwa mbali. Njia haizunguki. Inashuka moja kwa moja mpaka kwenye barabara ya kuingilia nyumbani kwake, ile anayopita yeye na wageni wake, inaikata, inaendelea upande wa pili. Kuna geti la busu huku, geti la busu kule, kamera juu ya nguzo, na vibao vinavyosema kuingia eneo hilo bila idhini ni kosa la jinai. Kati ya geti na geti, ardhi ni yako.

Msafara ukanyamaza wenyewe. Ndugu wa Bukavu alitia simu mfukoni akafunga na zipu. Nilimwelewa. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo ukipita mbele ya ikulu hutazami, husimami, hata kiatu kikilegea unakwenda nacho hivyohivyo mpaka kona. "Una hakika?" Mzee alimuuliza kiongozi. "Nina hakika, Mzee." "Wameandika wapi?" Kiongozi akamwonyesha mshale kwenye nguzo, mdogo kama kifuniko cha bati la kahawa.

Tukaingia. Mzee alikuwa mbele yangu. Katikati ya lami, kamera imemwelekea, kamba ya kiatu chake cha kushoto ikafunguka.

Alisimama. Aliitazama ile kamba. Kisha akaninyoshea mwavuli nimshikie, akakunja goti kwenye lami ya Waziri Mkuu, akaifunga. Hakuwa na haraka. Alifunga fundo la kwanza, akavuta masikio yote mawili yalingane, akafunga la pili. Halafu akahamia kiatu cha kulia, ambacho hakikuwa kimefunguka, akakifungua, akakifunga upya. Gari dogo lilitokea upande wa geti kuu, likapunguza mwendo, likasimama mbali kidogo, likasubiri. Dereva hakupiga honi. Mzee aliinuka, akapangusa goti, akagusa ukingo wa pama kumshukuru, akaendelea.

Upande wa pili hakuna aliyecheka mpaka tulipofika mtini. Ndipo tukacheka mpaka Shangazi akakaa chini.

Mimi nilicheka pia, lakini mawazo yalikuwa yameshafika kwetu. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na njia inayoshuka chemchemi, na kutoka hapo inapanda mpaka shuleni. Nimeipita miaka yote ya utoto. Mama ameipita, bibi aliipita kabla ya kuwa na jino la hekima. Miaka minne iliyopita mtu alinunua kile kipande cha kati, akajenga ukuta wa tofali. Sasa watoto wanazunguka kwa barabara kuu pamoja na bodaboda, na mama akitaka maji bomba likikauka ni mwendo wa nusu saa zaidi. Kila mtu mtaani alisema si haki. Hakuna aliyejua aanzie ofisi gani, wala aonyeshe karatasi gani. Nyayo tu ndizo tulizokuwa nazo.

Nisikae sana hapo. Baada ya Chequers tulikutana na mitamba, kama ishirini, kwenye malisho ya wazi. Waingereza wanawaogopa ng'ombe, na wana sababu. Hutokea mtu akakanyagwa akafa, hasa akiwa na mbwa. Kiongozi alikuwa ameshaanza kutupanga tupite ukingoni, kimya, bila kukimbia. Mitamba wakaanza kutufuata, kwa udadisi wao, kwato zinadunda. Mzee akageuka, akapiga mluzi wa sauti mbili, akasema nao Kisukuma. Wakasimama wote, masikio mbele. Sijui aliwaambia nini. Tulipomuuliza alisema amewauliza wazazi wao.

Manyunyu yalianza Cadsden, mbele ya baa ambayo Waziri Mkuu David Cameron aliwahi kumsahau binti yake mwaka 2012, na ambako 2015 alimpeleka Rais Xi Jinping wakanywe bia. Shangazi aliishikilia ile habari ya kwanza. Mtoto? Amemsahau? Hiyo ya Rais wa China haikumhusu. Kutoka hapo ni kupanda tena mpaka Whiteleaf, ambako kuna msalaba mkubwa uliochongwa kwenye chaki ya mlima, na sitasema mengi, kwa kuwa nilikuwa natazama magoti yangu tu. Mvua iliyageuza yale mavumbi kuwa uji mweupe. Herufi za MAGU zilitiririka kutoka mwavulini. Raba za kijana wa London zilikuwa nyeupe kuliko alivyokuja nazo, na viatu vya Mzee vilikuwa vyeupe vilevile. Kwa mara ya kwanza walifanana.

Tulifika stesheni ya Princes Risborough saa mbili usiku, na jua linawaka. Hapo ndipo saa ya Kiswahili inapoaibika nchi hii. Sisi tunahesabu kutoka macheo na machweo, sasa mwisho wa Mei huku jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu imeshapita. Magharibi bado saa nzima mbele. Ndani ya treni, chaki ilikauka viatuni ikawa inadondoka vipandevipande sakafuni, na mke wa ndugu wa Bukavu, aliyelala begani kwa mumewe, alikuwa ameloa mpaka nywele na anatabasamu usingizini.

Jumapili nilimpigia mama. Alitaka kujua tulikwenda kumwona nani. Nikasema hatukwenda kumwona mtu, tulitembea tu. "Kilomita 14?" Kilomita 14. "Mlilipwa?" Hapana mama, tulilipa nauli. Alicheka mpaka akakohoa, akamwita jirani aje asikie.

Kisha nikamwambia ile habari ya njia na geti na Mzee aliyefunga kamba. Kicheko kikaisha.

"Huyo Waziri Mkuu," akasema, "hakujenga ukuta?"

"Hakujenga."

Nilisikia jogoo wa jirani, na mtu akimwaga maji uani. Halafu mama akaniuliza wale mitamba walikuwa wa rangi gani.